Saa 45 kwa Wiki: Namna ya Kupima Kama Uache Kazi Ukafanye Biashara

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Ukiandika barua ya kuacha kazi, hizo ndizo unazozinunua: unazitoa kwa mwajiri, unazipeleka kwenye biashara yako. Bei yake ni mshahara na kila kinachoandamana nao. Ukilitazama jambo hivi, habari za kuthubutu na za kuogopa zinakaa pembeni, yanabaki maswali mawili yanayohesabika. Saa hizo zinakugharimu shilingi ngapi? Na biashara itazifanyia nini?

Mifano na sheria zilizomo humu ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake wa hifadhi, ZSSF, ila namna ya kuhesabu ni ileile.

Bei ya saa moja

Toa hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita uiweke mezani. Usihesabu kwa kumbukumbu.

Tuchukue mtu wa sekta binafsi mwenye mshahara ghafi wa sh 1,200,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 120,000. Zinazobaki, 1,080,000, ndizo zinazotozwa PAYE, kodi ya mshahara: 270,000 za kwanza hazitozwi, kinachofuata hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, na kinachozidi hapo asilimia 30. Jumla ya kodi ni 152,000. Mkononi zinabaki 928,000.

Wengi wanaishia kwenye 928,000 hiyo, na hapo ndipo hesabu inapoharibikia. Zile 120,000 za NSSF ni akiba yake, na mwajiri anaongeza 120,000 nyingine ambazo hazionekani kwenye simu mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kazi hiyo inamlipa 1,168,000. Gawanya kwa saa 195 za mwezi (saa 45 mara wiki 4.33), unapata karibu sh 6,000 kwa saa. Juu ya hapo kuna bima ya afya, nauli au gari la ofisi, chakula cha mchana, hata vocha. Kila kimoja kiandikie bei ambayo ungekilipia mwenyewe mtaani.

Mtumishi wa umma aangalie zaidi. PSSSF inamkata asilimia 5 tu, mwajiri anaweka 15, hivyo sehemu kubwa ya anachokipoteza haipo kwenye fedha anazozoea kuzishika. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Akiacha kazi deni linamfuata, tofauti ni kwamba sasa atakwenda kulilipa kwa miguu yake.

Sasa linganisha. Msaidizi wa dukani unayemlipa 250,000 kwa mwezi anakugharimu kama sh 1,300 kwa saa. Saa yako ni 6,000. Kama utakachokifanya dukani ni kukaa kwenye kiti na kupokea hela, umeajiri mtu wa gharama karibu mara tano ya anayehitajika.

Biashara yako ina njaa ya nini?

Biashara changa inaweza kukosa vitu vitatu: mtaji, wateja, au mikono ya mwenyewe. Kuacha kazi kunaongeza hicho cha tatu peke yake, tena kunapunguza cha kwanza. Duka ambalo bidhaa zinaisha kabla ya mwezi kuisha linahitaji mtaji, na mshahara wako ndio mtaji wa bei nafuu kuliko wote utakaoupata: hauna riba, hauombi dhamana, unaingia kila mwezi. Saluni iliyo nafasi tupu siku za wiki haijazwi na wewe kukaa mlangoni kuanzia saa mbili asubuhi.

Zipo biashara zinazokula saa za mwenyewe kweli. Fundi wa jiko au wa aluminiamu anayepima mwenyewe, mpishi wa shughuli, mshonaji, mtu wa kufuatilia tenda, anayenunua mazao vijijini. Hapo mteja anamtaka yeye, na kazi hairuki kwenda kwa mtu mwingine.

Namna ya kujua uko upande gani ni kuweka daftari la waliogeuka. Kwa wiki nane, kila kazi uliyoikataa au iliyokuponyoka kwa sababu ulikuwa kazini iandike: siku na saa, kilichoombwa, na faida ambayo ingebaki. Faida, maana mauzo yatakudanganya. Andika walioomba kweli, waliopiga simu au kuja. Usiandike "wangekuja wengi kama ningekuwepo". Tuseme mtengeneza keki anakuta amekosa oda tisa kwa mwezi, kila moja ingembakishia 25,000. Hiyo ni 225,000. Anataka kuacha kazi ya 928,000 ili aokoe 225,000. Jibu lake pengine ni kumlipa binti anayejua kupamba aje siku mbili kwa wiki, na yeye abaki na mshahara wake kwa mwaka mmoja zaidi.

Daftari hilo likionyesha unapoteza 700,000 au zaidi kila mwezi, miezi miwili mfululizo, mazungumzo yanabadilika.

Kuku 300: hesabu inavyoonekana ikiangaliwa kwa karibu

Kuku wa nyama wanastahili kuangaliwa peke yao, kwa sababu ndio biashara inayohesabika vizuri kuliko zote kwenye karatasi, na waajiriwa wengi wanaianzia hapo. Bei hapa ni za mfano; weka za mtaani kwako.

Vifaranga 300 kwa 1,700 ni 510,000. Hadi siku ya kuuzwa, kila kuku atakuwa amekula kama kilo 3, yaani kilo 900, sawa na mifuko 18 ya kilo 50. Kwa 78,000 kila mmoja ni 1,404,000. Chanjo za kideri na gumboro, vitamini na dawa, 60,000. Mkaa, maranda na umeme, 90,000. Kijana wa banda, 220,000 kwa mkupuo. Jumla 2,284,000.

Wakifa asilimia 5, wanabaki 285. Kwa 9,000 kila mmoja unapata 2,565,000. Faida ni 281,000. Wiki tano za kulea, moja ya kuuza, mbili za kusafisha na kupumzisha banda: mkupuo mmoja unakula wiki nane, kwa mwaka unapata sita na nusu. Hiyo ni kama 152,000 kwa mwezi. Ili ifike 928,000 unahitaji kuku zaidi ya 1,800 kwa mkupuo, pamoja na banda lao, maji yao, na zaidi ya milioni 13 zinazozunguka.

Sasa tazama linapokwenda kombo. Mnunuzi aliyeahidi kuja Ijumaa hakuja, akasema wiki ijayo. Kuku wa umri huo anakula karibu kilo moja kwa wiki. Kuku 285 ni kilo 285, karibu mifuko sita, sh 444,600. Faida yote ya 281,000 imeliwa, na 163,600 nyingine juu yake, hakuna aliyeugua, hakuna aliyeiba. Kuku wameongezeka uzito, ndiyo, lakini sokoni wengi wananunua kwa kichwa, na aliyezidi nusu kilo hazidi bei kwa kiasi hicho. Kwa hiyo mfugaji aliyekaa bandani mchana kutwa na yule anayepita asubuhi na jioni wanapata hasara ileile kama wote hawana wanunuzi watatu wa uhakika. Kinachotakiwa ni simu za wenye mabucha, wauza chipsi na mama lishe kabla vifaranga havijaagizwa, na hizo zinapigika hata wakati wa chakula cha mchana ofisini.

Fanya zoezi hilihili kwa biashara yako. Tafuta ile wiki moja ya kuchelewa, au ile gunia moja ya kuoza, inayomeza faida yote, kisha jiulize kama kuwepo kwako kwa saa 45 kungeizuia.

Daftari kabla ya barua

Biashara isiyo na miezi sita ya hesabu zilizoandikwa haiwezi kukuambia chochote kuhusu kuacha kazi. Anza leo kuandika vitu vinne: ulichonunua, ulichouza, ulichotoa kwa matumizi yako, na ulichokopesha. Cha tatu ndicho kinachofichwa. Mafuta ya gari, mboga ya nyumbani, mchango wa harusi ya binamu: vikitoka kwenye droo bila kuandikwa, mwisho wa mwezi biashara inaonekana haina faida, au mbaya zaidi, inaonekana ina faida ambayo haipo.

Kama ni duka na limeshikwa na mtu mwingine, hesabu mzigo kila Jumapili jioni kwa bei ya kuuzia. Mzigo wa wiki iliyopita, ongeza ulioingia, toa uliobaki. Hicho ndicho kinachopaswa kuwa kimeuzwa. Mathalani ulianza na 1,850,000, ukaingiza wa 620,000, umebaki wa 1,790,000. Mauzo yanapaswa kuwa 680,000. Fedha taslimu, za kwenye simu na madeni yaliyoandikwa vikifika 641,000, kuna 39,000 haina maelezo. Wiki moja inaweza kuwa punguzo alilopewa mteja. Ikijirudia wiki nne, hiyo ni zaidi ya 150,000 kwa mwezi, na wengi hapa ndipo wanaposema wamepigwa chuma ulete. Daftari lingewaonyesha siku gani na bidhaa gani.

Zoezi hili lina faida ya pili: linakuambia kama tatizo la duka lako ni usimamizi. Hesabu ya Jumapili inachukua saa mbili au tatu. Ni nafuu kuliko kuacha kazi ili "ukalinde" 39,000.

Mali kauli iandikie ukurasa wake, pande zote mbili, unayodaiwa na unayodai. Muuzaji wa jumla anayekupa mzigo kwa mali kauli mara nyingi anakuamini kwa sababu anajua una mshahara. Ukiacha kazi, muulize kabla kama ataendelea.

Gharama zinazosahaulika

Biashara ya nyumbani au ya simu huwa na faida nzuri kwa sababu kuna vitu hailipii. Kabla ya kuiamini, itoze kodi ya fremu hata kama leo unauzia sebuleni. Fremu ya 300,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka miezi sita, ni 1,800,000. Dalali anachukua mwezi mmoja, 300,000. Na kuna kodi ya zuio la pango, asilimia 10, ambayo kisheria inakatwa kwenye fedha za mwenye nyumba lakini wenye nyumba wengi wanataka hela yao kamili, hivyo 180,000 inakuangukia wewe. Jumla 2,280,000 kabla hujaweka shelfu. Kariakoo na sehemu nyingine zenye mzunguko kuna kilemba juu ya hapo, yaani fedha ya kumpisha aliyeshika fremu, na kilemba hakirudi mpaka umpate wa kukulipa wewe.

Kodi ya mapato nayo iangalie kwa namna inavyotozwa. Kwa mtu binafsi anayeishi kwa biashara peke yake, mauzo yakiwa kati ya milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka, kiwango kilichoanza mwaka wa fedha 2022/23 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Rudia kusoma: ya mauzo. Duka linalouza milioni 40 kwa mwaka na kubakiza asilimia 12 lina faida ghafi ya 4,800,000. Kodi ni 1,400,000, karibu theluthi, kabla ya pango na msaidizi. Anayeuza huduma yenye faida ya asilimia 60 hatausikia sana uzito wa kodi hiyo. Mwenye duka la vyakula ataiona kila mwezi. Viwango huguswa na Sheria ya Fedha kila Julai, basi pita ofisi ya TRA ya wilaya yako uulize cha mwaka huu kabla ya kupiga hesabu ya mwisho. Ongeza leseni ya biashara ya halmashauri, unayoiomba kwenye mfumo wa Tausi, na usajili wa jina BRELA.

Miezi mingapi unaweza kukaa bila mshahara

Kwanza jua matumizi ya nyumbani. Chukua taarifa za benki na za simu za miezi mitatu, ujumlishe kila kilichotoka. Kisha ongeza vinavyokuja mara chache: ada ya Januari na Julai, kodi ya nyumba ya miezi sita, bima ya gari, safari ya Desemba, misiba na harusi. Jumlisha ya mwaka mzima, gawanya kwa 12. Karibu kila anayefanya hivi anakuta matumizi yake yako juu ya alivyodhani. Ongeza na bima ya afya utakayoilipia mwenyewe. Bima nyingi za hiari zina muda wa kusubiri kabla ya baadhi ya huduma, hasa uzazi na upasuaji. Kama nyumbani kuna mjamzito au mgonjwa anayehudhuria kliniki, hilo peke yake linatosha kusogeza tarehe mbele.

Halafu kanuni ni hii: akiba, toa mtaji wa biashara, gawanya kwa pengo la kila mwezi. Pengo ni matumizi ya nyumbani ukitoa kile ambacho biashara imekuwa ikikupa kwa uhakika. Mtu ana akiba ya milioni 9, milioni 3 ni za mtaji, zinabaki 6. Matumizi 820,000, biashara inatoa 300,000, pengo 520,000. Ana miezi kumi na moja na nusu. Biashara ikigoma kabisa, ana miezi saba.

"Uhakika" hapa ni wastani wa miezi sita ukiwa na mwezi mmoja mbaya ndani yake. Kila biashara ina mwezi wake mbaya. Kwa nyingi ni Januari, ada zimechukua kila kitu. Kwa vibanda vya chakula cha mchana ni Ramadhani. Kwa anayesafirisha mazao ni masika, barabara zikikatika. Kama hujawahi kuuona mwezi wako mbaya ukiwa na mshahara, utauona ukiwa huna.

Akiba hiyo usiiweke kwenye akaunti moja na mtaji, wala isikae kwenye mzigo. Ikae mahali ambapo inachukua siku chache kuitoa, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS au akaunti isiyo na kadi. Siku mbili tatu za kusubiri zinatosha kukuzuia usiitie kwenye ofa ya mzigo uliyoisikia asubuhi.

Na usiihesabu NSSF. Michango iliyokwishaingia haipotei, lakini usiipangie kuwa mtaji: fao la kukosa ajira limewekwa kwa aliyepoteza kazi, aliyeacha kwa hiari yake halimhusu.

Mkopo wa mshahara

Kuna ushauri unaozunguka sana: chukua mkopo mkubwa wa mshahara leo, acha kazi kesho, mtaji umepatikana. Huo ni ushauri mbaya kupita yote. Riba ya mkopo huo iko chini kwa sababu benki inakata kabla fedha hazijakufikia. Ukiacha kazi mshahara unakatika, marejesho hayakatiki, na kwenye mikataba mingi benki ina haki ya kudai deni lote kwa mara moja. Jina likishaingia kwenye taarifa za wakopaji wasiolipa, benki nyingine zinaliona, wakati ambapo biashara ndiyo kwanza inahitaji kukopa. Milango inayobaki wazi ni ya kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa.

Kama tayari una mkopo, soma mkataba sehemu inayozungumzia kukoma kwa ajira, kisha nenda benki uulize masharti ya kuendelea kulipa bila mshahara. Kipimo chetu: usiondoke mpaka deni lishuke kiasi kwamba marejesho ya miezi yote iliyobaki yanalipika kutoka kwenye akiba bila kugusa mtaji. Vikoba na SACCOS za kazini nazo zina masharti ya anayeondoka. Uliza kama hisa zako zinatoka lini, na nani uliyemdhamini bado anadaiwa.

Majaribio mawili ya bei rahisi

Sheria inakupa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Ichukue yote kwa mkupuo na uende kwenye biashara kama vile umeshaacha kazi: fungua saa ile utakayofungua, funga saa ile utakayofunga. Chagua mwezi wa kawaida au mbaya, usichague Desemba. Baada ya siku 28 linganisha faida na ya miezi mitatu iliyotangulia. Ongezeko ndilo thamani ya saa zako 45, limepimwa. Likiwa 150,000, una jibu. Likiwa 600,000 mwezi wa kwanza, bila wateja kuzoea, una jibu pia. Angalia na kichwa chako: wapo wanaogundua wiki ya pili kwamba wanapenda kuwa na duka kuliko wanavyopenda kukaa dukani.

Jaribio la pili linahusu nyumbani. Kwa miezi mitatu, siku mshahara ukiingia hamisha kila kitu kwenye akiba, ubaki na kiasi kile ambacho biashara itakulipa. Muishi nacho. Mkishindwa mwezi wa pili mkaanza kuchota, afadhali mmejua mapema, na akiba imekua hata hivyo. Mwenza wako lazima awe ndani ya hesabu hii tangu mwanzo. Kuacha kazi ambako nyumbani kunajulikana baada ya barua kupokelewa kunaleta vita mbili kwa wakati mmoja. Ndugu wanaokutegemea nao waambie kiasi kitakachopungua na lini, kwa tarakimu.

Wakati wa kuondoka na wakati wa kubaki

Ondoka kama haya yote yamekutana: biashara ina daftari la miezi sita au zaidi, inalipa angalau asilimia 60 ya matumizi yako ya nyumbani baada ya kutozwa fremu na kodi, una miezi tisa au zaidi ya kuziba pengo, na jaribio la likizo limeonyesha kuwa saa zako zinaongeza faida. Asilimia 60 si sheria ya mtu. Asiye na watoto anaweza kwenda na 40, mwenye wanne shuleni angoje 80.

Baki kama sababu kubwa ni ugomvi na bosi. Hiyo inatibiwa kwa kutafuta kazi nyingine. Baki pia kama biashara inategemea mteja mmoja, hasa kama mteja huyo ni mwajiri wako wa sasa au mtu uliyempata kupitia meza yako ya ofisini. Ukiondoka, anaweza kubaki na aliyekaa kwenye kiti chako.

Katikati kuna njia zinazosahauliwa. Omba likizo bila malipo ya miezi mitatu. Au mkataba wa siku tatu kwa wiki, hasa kama kazi yako ni ya kitaalamu na kumpata mwingine kutawachukua muda. Mbaya zaidi watakataa, na utabaki palepale ulipokuwa. Soma mkataba wako kwanza, kwani ipo inayokataza biashara nyingine bila ruhusa ya maandishi.

Barua na siku za mwisho

Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba umeweka muda mrefu zaidi. Iwe ya maandishi, na sababu na tarehe. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo, kwa hiyo usipange kuandika barua katikati ya zile siku 28 za majaribio. Ukikataa kufanya kazi katika muda wa notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara wa muda huo kwenye stahiki zako. Mwenye mkataba wa muda maalumu ni bora angoje uishe, kuuvunja katikati kunaweza kuleta madai.

Stahiki zako ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuitumia, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka ni cha anayeachishwa na mwajiri. Anayeacha mwenyewe asikitie kwenye bajeti. Kama kuna bonasi inayolipwa Machi, toa barua Aprili.

Kabla hujarudisha kitambulisho, chukua taarifa ya michango ya NSSF au PSSSF uhakikishe hakuna miezi iliyorukwa. Kuifuatilia ukiwa ndani ni barua moja kwa ofisi ya rasilimali watu. Ukiwa nje ni safari nyingi. Kisha jiandikishe uchangiaji wa hiari, hata kwa kiasi kidogo.

Jambo la mwisho linaandikwa kabla ya siku ya kwanza ya biashara: mstari wa kurudi. Andika kiasi cha akiba ambacho kikifika utaanza kutuma maombi ya kazi, bila mjadala. Kwa yule wa milioni 6, mstari uwe milioni 2, kwa sababu kutafuta kazi kunachukua miezi na hiyo mbili inamtosha kama minne. Karatasi hiyo mpe mwenza wako aitunze, na akiba ikifika hapo yeye ndiye aseme.